Kibao cha Uchochoroni

Kwa miezi minne ya mwaka ule nilikuwa na ukuta mmoja tu kichwani. Ulikuwa ukuta wa duka la Mhindi kwenye barabara kubwa ya Kitale, pale kwenye kona ambapo uchochoro mwembamba ulipita kwenda nyuma. Ulipakwa chokaa nyeupe, na haukuwa na kitu isipokuwa mstari wa kutu uliotiririka kutoka kwenye mfereji wa bati. Nilipoamka niliuona. Nikiwa kazini niliuona. Kati ya dirisha na kona palikuwa na nafasi ya futi tano na inchi mbili, na nafasi hiyo niliijua kuliko nilivyoijua sura yangu mwenyewe, maana kioo sikuwa nacho.

Hapo ndipo kibao kilipaswa kukaa. Hakikuwa kibao changu. Kilikuwa cha msichana aliyeshona nguo nyuma ya duka lile. Watu wa Kitale wanaomkumbuka bado wanasema ofisi ya mji ilimnyima kibali, nami nimewaacha waseme hivyo kwa miaka sita. Si kweli. Nataka kueleza jinsi ilivyokuwa, na nitajaribu nisijipendelee.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Vita vilikuwa vimekwisha miaka michache tu kabla ya hapo, na rangi ya mafuta ilikuwa bado adimu madukani. Nilikaa Matisi, na kazi yangu ilikuwa katika ghala la mahindi karibu na stesheni, kupiga chapa magunia. Unaweka bati lililokatwa herufi juu ya gunia, unapitisha brashi ya wino mweusi, unainua bati, unavuta gunia jingine. Wenzangu walimaliza mawili nikiwa bado kwenye moja, kwa sababu mimi nilirudi kuziba zile nafasi ndogo ambazo bati huziacha katikati ya herufi.

"Wewe!" mnyapara alikuwa akinipigia kelele. "Hilo gunia linaenda kuliwa na panya huko Mombasa. Unampambia nani?"

Kuandika herufi nilijifundisha mwenyewe. Baba alikuwa kibarua kwenye shamba la Mzungu, njia ya Kachibora, na shule niliyoipata ilikuwa fupi. Nilijifunza kwenye mikebe ya majani ya chai, kwenye maboksi ya sabuni, na kwenye mabehewa ya mizigo yaliyosimama stesheni siku za Jumapili. Nilichora kwa makaa kwenye mlango wa mama mpaka mlango ukawa mweusi. Nadhani mtu aliyefundishwa na mwalimu anajua mahali pa kuacha. Mimi sikuwahi kuambiwa na mtu, "Hapo panatosha," kwa hiyo kila nilichokimaliza kilinitia wasiwasi. Nilikuwa naweza kutembea maili mbili kurudi kutazama herufi moja niliyoipaka kwenye mlango wa hoteli, nikaikuta iko sawa, na bado nikalala vibaya.

Msichana huyo nilimfahamu kwa sababu ya suruali. Ilichanika gotini ghalani, na mtu akaniambia kuna fundi mwanamke nyuma kwa Mhindi. Nilipoenda kuichukua nilitafuta mahali palipochanika nisipaone. Niliigeuza ndani nje, nikaipeleka penye mwanga.

"Unatafuta nini?" aliniuliza.

"Natafuta kiraka."

"Ukikiona, utakuja kuniambia nifumue," akasema. "Mimi sipendi mtu aone nilipopita."

Nilisimama pale nimeishika suruali kama mjinga. Sikuwa nimewahi kukutana na mtu mwingine mwenye ugonjwa wangu, tena yeye alionekana kuubeba bila kuumwa.

Alitoka upande wa Bungoma. Kushona alifundishwa na masista, na cherehani ilikuwa ya shangazi yake. Shangazi alimpa kwa mkataba wa maneno: ajaribu Kitale mpaka shule zifungwe mwisho wa mwaka. Akipata wateja, cherehani ibaki. Asipopata, shangazi atapanda basi aje aichukue, na mwenye kushona ataifuata cherehani nyumbani. Hilo alilieleza wazi, bila huzuni, kama mtu anayetaja saa ya gari moshi. Lakini mimi nililibeba. Bila cherehani hakuna Kitale kwake, na bila yeye sikujua Kitale yangu itakuwa na nini zaidi ya magunia.

Shida yake haikuwa mikono. Shida ilikuwa kwamba hakuonekana. Baraza la mbele lilikuwa na mafundi watatu, wanaume, wenye cherehani zao zimetazama barabara. Wanawake waliokuja Jumamosi kutoka mashambani, wakiisha kuuza kuku na kabichi, walinunua kitambaa kwa Mhindi, wakageuka, na wa kwanza kuwaona walikuwa hao watatu. Hao walishona gauni kwa kumpima mtu kwa macho tu. Mwanamke akivaa, alifanana na gunia lililotobolewa mahali pa mikono. Hatua ishirini kutoka hapo, nyuma ya ukuta, alikaa mtu ambaye angemshonea vizuri, na hakuna aliyejua.

"Unahitaji kibao," nilimwambia. "Pale kwenye kona. Kiandikwe *Nguo za kike na za watoto*, na mkono unaoonyesha uchochoro."

"Nani atakipaka?"

"Mimi."

"Na ruhusa?"

Ruhusa. Katika barabara ile huwezi kupigilia hata msumari bila karatasi ya ofisi ya mji. Mhindi mwenye duka alikubali ukuta wake utumike, akaandika barua, lakini alininyooshea kidole: "Karatasi kwanza, fundi. Bila karatasi, faini ni yangu mimi, si yako."

Basi nikakaa chini kuchora. Niliambiwa ofisi inataka mchoro wa kibao, nami nilichora kibao. Nilinunua karatasi za kaki, zile za kufungia sukari, nikaziunganisha kwa gundi ya unga wa ngano mpaka zikafika futi tano kwa futi mbili na nusu, kisha nikachora kila herufi kwa ukubwa wake. Haikunijia kabisa kwamba kuna namna nyingine. Nilifanya kazi hiyo wiki mbili, jioni zote. Asubuhi ya Jumatatu nilizikunja, nikazifunga kwa kamba, nikapita nazo barabara kubwa begani.

Mafundi wa mbele waliniona.

"Ndugu! Unampelekea Bwana DC mkeka?"

"Si mkeka, ni sanda. Amekuja kuzika biashara yetu."

Ofisini, dirishani, alikuwa karani mmoja mtu mzima aliyerudi kutoka Burma. Huko jeshini alikuwa akiandika orodha za buti na mablanketi, na mpaka siku hizo alitembea na rula fupi kwenye mfuko wa shati. Mchoro haukuingia dirishani, kwa hiyo alitoka nje. Niliutandaza kwenye sakafu ya ukumbi, watu wa foleni wakasogea.

"Hii ni nini?"

"Ni mchoro wa kibao, bwana karani."

"Mimi naona blanketi." Aliuzunguka, mikono nyuma. Mzee mmoja aliyekuja kulipia leseni ya baiskeli alikuwa amesimama juu ya pembe. "Mzee, hebu ondoa mguu kwenye N. Sasa, kijana, kwa nini hukuchora kadogo?"

"Nikichora kadogo, bwana, nitakuwa nimedanganya. Kibao chenyewe si kadogo."

Karani alicheka mpaka akavua miwani. Foleni yote ilicheka. Masikio yangu yalichemka. Lakini alipomaliza kucheka alichuchumaa kando yangu, akatoa ile rula.

"Sikiliza, bana. Kule vitani tulikuwa na ramani ya nchi nzima na inaingia mfukoni. Hakuna aliyesema ni uongo. Inchi moja hapa ni futi moja kule. Kamati wanataka karatasi ya kuweka kwenye faili, hawataki ya kulalia."

Akaniambia na mengine. Kibao kisitokeze nje ya ukingo wa baraza. Kwa chini kisipungue futi nane kutoka ardhini, ili mtu apite bila kuinama. Barua ya mwenye jengo iambatane. Na mchoro uonyeshe kila kitu, herufi na picha na rangi, kwa maana kikishapitishwa hivyo kinabaki hivyo.

"Huwezi kuongeza hata nukta," alisema. "Kilichopitishwa ndicho kitakachotundikwa."

Alisema hivyo kunionya nisicheze na wakubwa. Hakujua anamwambia nani. Maneno hayo yaliniingia kama homa.

Futi nane zilinisumbua. Nilijiuliza ni mtu gani aliyekusudiwa na sheria ile anayepita bila kuinama. Bwana mwenye kofia? Wanaopita kwenye uchochoro ule walikuwa wanawake wenye mizigo kichwani. Basi Jumamosi moja nilimwomba yule msichana ajitwike karai la nguo asimame pale kwenye kona. Nilikuwa nimepanda juu ya boksi, nimeshika fito mahali kibao kitakapoishia.

"Hilo karai ni fupi," nilisema. "Ongeza kitu."

Mteja mmoja, mama wa makamo kutoka shambani, alimkabidhi kikapu chake cha kabichi. Akakiweka juu ya karai.

"Simama wima."

"Nimesimama."

"Usicheke, ukicheka unapungua."

"Na mtu akipita na kitanda?" aliuliza. "Utainua kibao mpaka juu ya bati? Si useme tu kiwekwe mbinguni!"

Akacheka kwelikweli, kabichi moja ikaanguka, ikabiringika mpaka katikati ya barabara, na dereva wa lori akapiga breki. Yule mama alifoka, mafundi wa mbele wakapiga makofi. Mimi nilibaki juu ya boksi nimeshika fito, nikimtazama akiikimbilia kabichi na karai bado liko kichwani, mkono mmoja umelishika. Nina miaka ishirini na saba sasa. Nimejaribu kukumbuka siku niliyokuwa na furaha zaidi ya ile nikashindwa.

Baada ya hapo uliingia mkono.

Herufi niliziweza. Mkono sikuwahi kuuchora. Nilihitaji wa kuiga, na wangu ulikuwa na wino wa magunia na makucha mabaya. Nilimwomba anikopeshe wake. Kila jioni, kazi ikiisha saa kumi na moja, nilipita nyuma kwa Mhindi. Yeye alifunika cherehani, akaweka mkono wa kulia juu ya kifuniko, kidole cha kwanza kimenyooka kuelekea mlango wa uchochoro, nami nikachora mpaka mwanga ukaisha. Nilijifunza ule mkono. Kwenye kifundo palikuwa na alama ya pasi ya makaa. Ncha ya kidole ilikuwa ngumu kwa sababu ya sindano. Hatukuongea sana. Alinisimulia kuhusu mto wa kwao, kuhusu masista, kuhusu shangazi yake anayeimba kanisani kwa sauti ya kushinda kwaya. Mara nyingine alisema, "Mkono umekufa ganzi, fundi," na mimi nikasema, "Kidogo tu."

Sikumgusa. Hata kuusogeza mkono sikuusogeza, nilimwelekeza kwa maneno. Ninaandika hivi nikijua inachekesha.

Mchoro mdogo ulikamilika mwishoni mwa mwezi wa tisa. Karani aliupima kwa rula yake, upande hadi upande, akaguna kwa kuridhika.

"Hii ni safi. Kamati inakaa Jumanne ijayo. Mambo madogo kama haya hawayabishii. Ukirudi Alhamisi, karatasi yako utaikuta."

Nilitoka nikitembea juu ya mawingu. Nilienda kumwambia msichana, naye akaanza kukata kitambaa cheupe cha gauni la mtoto, la kuonyesha tu, la kutundika mlangoni siku kibao kitakapowekwa. Hiyo ilikuwa Jumatano.

Alhamisi nikiwa kazini nilianza kuona kidole gumba. Kilikaa vibaya. Katika mchoro niliokuwa nimeupeleka, gumba lilikuwa chini kidogo ya mahali lilipostahili, kama gumba la mkono wa mtu aliyeshika jembe. Nililiona kwenye gunia, kwenye ukuta, kwenye sahani. Nilifikiri: kilichopitishwa ndicho kitakachotundikwa. Miaka na miaka, mvua na jua, mkono wake utakuwa pale barabarani na gumba ambalo si lake.

Ijumaa niliomba ruhusa kwa mnyapara, nikaenda ofisini, nikaomba mchoro urudishwe.

"Kijana, kamati haitazami gumba," karani alisema. "Wanatazama kama kibao kitamwangukia Mzungu kichwani."

"Ni siku moja tu, bwana. Jumatatu asubuhi nauleta."

"Orodha ya kamati inaandikwa Jumamosi. Usipokuwemo, umetoka. Uache."

"Siwezi kuuacha."

Alinitazama kwa muda. Nadhani alidhani nina wazimu kidogo, na alikuwa mtu mzuri, alitaka kunisaidia. Mwishowe akafungua faili, akatoa karatasi yangu na barua ya Mhindi, akazisukuma dirishani. "Haya. Usije ukasema ni ofisi."

Niliyoyasema ni hayohayo hasa.

Jumamosi na Jumapili nilichora gumba. Jumatatu nilirudisha. Jumanne kamati ilikaa bila sisi. Jioni nilipopita nyuma kwa Mhindi, msichana alikuwa ameshamaliza kola ya lile gauni jeupe.

"Vipi kamati?"

"Wameahirisha," nilisema.

Lilitoka kwa urahisi. Nilikuwa nimepanga kumwambia ukweli, na nilikuwa na maneno yake tayari, lakini nilipoona ile kola, ile mishono isiyoonekana, niliona haya kusema kwamba mimi ndiye niliyechelewesha. Nikajiambia mwezi ujao si mbali.

Na kuna jambo jingine ambalo nilichukua miaka kulikubali. Mchoro ulipokuwa umekamilika, nilikuwa sina sababu tena ya kumwomba anyooshe mkono. Sijui kama gumba lilikuwa baya kweli. Nimeiweka michoro yote miwili, wa kwanza na wa pili. Nimewaonyesha watu wawili wanaojua kazi hii, nikawauliza upi ni sahihi. Mmoja alisema ni sawasawa. Wa pili alisema ule wa kwanza.

Mwezi wa kumi kamati haikukaa. Wengi wao walikuwa wakulima, na mahindi yalikuwa yanavunwa. Safari hii nilisema kweli, na ilisikika kama uongo uleule. Hakuniuliza zaidi. Alisema tu, "Tusubiri." Nilishangaa jinsi alivyotulia. Wateja wawili watatu walikuja, kisha wiki nzima ikapita bila mtu. Gauni jeupe halikupata mikono. Lilikaa kwenye msumari, limefunikwa na gazeti.

Katikati ya mwezi wa kumi na moja nilipofika nyuma kwa Mhindi nilimkuta shangazi yake. Alikuwa mama mnene mwenye kitambaa cha bluu kichwani, anafunga cherehani kwa blanketi na kamba ya katani. Shule zilikuwa hazijafungwa. Zilikuwa zimebaki wiki tatu.

"Mbona mapema, mama?" nilimuuliza.

"Mapema gani, baba? Si mtoto mwenyewe ndiye aliyeandika nije," alisema. "Shika upande huo."

Nilishika upande huo. Niliibeba cherehani mpaka stendi ya basi, tukaipandisha juu ya paa katikati ya magunia ya viazi na matenga ya kuku. Shangazi aliingia kutafuta kiti. Msichana alibaki chini na mimi, amebeba karai tupu.

"Umejitahidi sana, fundi," aliniambia. "Wao ndio hawakutaka."

Hapo ndipo ningesema. Dereva alikuwa bado anakunywa chai, nafasi ilikuwepo. Nilifungua mdomo, nikasema, "Funika cherehani vizuri, njia ya Kimilili ina vumbi."

Kamati ilikaa Jumanne ya mwisho wa mwezi huo. Alhamisi nilipoenda, karani alinipa karatasi yenye muhuri, imeandikwa kwa mashine. Kibao kimoja, ukuta wa upande, kama kilivyo kwenye mchoro. Kiwekwe katika miezi sita, la sivyo kibali kinakufa.

"Wameipitisha kwa dakika mbili," alisema. "Nilikuambia."

Niliiweka karatasi ndani ya shati siku tatu. Jumapili nikapanda basi la Bungoma.

Sikuwa na anwani, lakini niliposhuka karibu na stesheni na kuuliza fundi wa nguo za kike, mtu wa kwanza alininyooshea njia, wa pili akaniambia nisikosee, nyumba yenye foleni. Ilikuwa kweli. Wanawake watano walikuwa wamekaa ukutani kwa shangazi, wametoka kanisani, kila mmoja na kitambaa chake. Krismasi ilikuwa karibu. Yeye alikuwa barazani, sindano mdomoni. Aliponiona aliitoa.

"Fundi wa brashi! Umefuata nini huku?"

Nikampa ile karatasi. Aliisoma yote, polepole, mpaka jina la aliyetia sahihi. Kisha akaomba nipewe mahali pa kukaa, nikaletewa kigoda.

"Kwa hiyo walikuwa nayo," alisema. "Mimi nilijua waliitupa."

"Kwa nini?"

"Nilienda kuuliza. Sikukuambia. Ile Jumamosi kabla ya kamati ya kwanza, nilivaa vizuri, nikaenda ofisini asubuhi. Nilitaka tu nione karatasi yenyewe, jina langu likiwa kule ndani. Kulikuwa na kijana mwingine dirishani. Alitafuta kwenye faili zote. Akasema, 'Dada, hakuna karatasi yenye jina hilo hapa.' Nikamwambia atazame tena. Akatazama tena. Watu nyuma yangu wakaanza kunung'unika." Alikunja kibali mara moja, akakikunjua. "Nikajua wameona ni mwanamke, tena Mwafrika, wakaitupa kwenye ndoo. Nilishindwa kukuambia. Ulikuwa umehangaika na ule mkono mwezi mzima, ningekuvunja moyo. Basi nikamwandikia shangazi."

Jumamosi ile, saa aliyokuwa amesimama dirishani, mimi nilikuwa Matisi, mchoro wake uko magotini mwangu, ninafuta gumba kwa kipande laini cha mkate, maana raba sikuwa nayo.

Nikamwambia. Nilimwambia yote, mbele ya wale wanawake watano, maana hapakuwa na mahali pengine. Nilimwambia kuhusu gumba, kuhusu karani alivyonikataza, kuhusu neno *wameahirisha*. Hata lile jambo jingine nililisema, vibaya, kwa maneno mengi kuliko yaliyohitajika. Mwanamke mmoja alisema "Eh!" kisha akaziba mdomo. Shangazi alitoka jikoni akasimama mlangoni.

Yeye alinisikiliza huku ametazama kitambaa kilichokuwa mapajani mwake.

"Ungeniuliza," alisema mwishowe. "Ungeniambia, 'Gumba lako nimelikosea.' Ningekuambia uliache lilivyo."

"Nisamehe."

"Nimesikia."

"Mwakani shangazi akikubali, ukuta bado upo. Kibali ni cha miezi sita. Naweza kukipaka kwa siku mbili."

"Wewe?" alisema. "Siku mbili?" Na kwa mara ya mwisho nilimwona akitaka kunicheka, kisha hakucheka. Alinirudishia karatasi. "Hapa wananijua, fundi. Tangu nije sijakaa siku moja bila kazi. Kitale nilikuwa nakutaka, kusema kweli. Niliutaka sana ule mji, na wewe ndani yake. Lakini nilishaulilia. Siwezi kuulilia mara mbili." Akamgeukia mwanamke wa kwanza. "Haya, mama, simama nikupime."

Shangazi alinipa chai na kiazi kitamu, nikala kwa adabu, nikapanda basi la saa nane.

Sikukipaka kibao. Mbao nilikuwa nimeshazinunua na kuzipiga randa, nikampa mpishi jirani yangu atengeneze meza. Kila mwezi nilitoa kibali kwenye bahasha nikakisoma, na kila nilipopita kwenye kona nilitazama juu, futi nane na kitu, nikamwona mtu asiyekuwepo. Mafundi wa mbele walizoea. "Msomi wa ukuta," waliniita. Baadaye waliacha hata kuniita.

Siku ya mwisho ya ile miezi sita nilirudisha kibali ofisini. Hakuna sheria iliyonitaka nikirudishe. Karani aliigeuza karatasi mbele na nyuma, akatafuta kasoro.

"Hukuweka?"

"Sikuweka, bwana."

"Baada ya taabu yote ile? Kwa nini?"

"Mwenyewe amehama."

Alifungua faili, akachovya kalamu. Alikuwa mtu wa kuandika mambo yakamilike. "Amehamia wapi?"

"Bungoma," nilisema.

Nyuma yangu palikuwa na foleni, na jibu lilikuwa limeshaandikwa. Hata hivyo nilibaki dirishani kidogo, nikitumaini ataniuliza tena kwa nini.